Mteja ataka tupunguze kaboni kiwandani. Nianze na boila au nianze na kitambaa?

FundiBoila_Jomvu | Jumapili, saa 4:10 usiku

Assalaam aleikum, na wengine wote hamjambo.

Mimi ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja cha EPZ (eneo la viwanda vya kuuza ng'ambo) huku pande za Jomvu. Jina la kiwanda niachieni, nina watoto wa kusomesha. Twashona suruali na mashati ya kwenda Marekani. Kazi yangu ni boila, kompresa, jenereta na mota za cherehani. Nguo yenyewe hata kutia kifungo sijui.

Juzi bosi kaniita, kanitupia fomu ya kurasa kumi na nne kutoka kwa mteja. Wataka kujua umeme tunaotumia, dizeli ya jenereta, mafuta ya boila, gesi ya viyoyozi, mpaka lori la taka. Ukurasa wa mwisho ndio ulionitoa jasho: kiwanda kitapunguzaje hewa ukaa kwa asilimia 30 kabla ya 2030. Nikamuuliza bosi, mbona mimi? Akasema, "Si wewe ndiye mwenye moshi?"

Hesabu ya boila nimeifanya. Boila hula lita 400 za mafuta mazito kwa siku, na lita moja ikiungua hutoa kilo tatu hivi za hewa ukaa. (Msiniulize kilo tatu zatokaje kwenye lita isiyofika kilo moja. Kaboni ya mafuta hushikana na oksijeni ya hewani, uzito ukaongezeka.) Kwa siku 300 za kazi ni tani 360 kwa mwaka. Na mvuke wote huo kazi yake ni moja tu, pasi. Suruali haiingii katoni na mikunjo.

Asilimia 30 nitaitoa wapi bila kuzima pasi? Mwenye kujua anisaidie, fomu yatakiwa mwisho wa mwezi.

KijanaWaMagongo | Jumapili, saa 4:26 usiku

Zima kiyoyozi cha ofisi ya bosi. Suluhisho litapatikana kabla ya adhuhuri 😂

Mdadisi_Ganjoni | Jumapili, saa 5:40 usiku

Kaka Fundi, mimi huzunguka viwandani kukagua fomu kama hiyo, kwa hivyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Mwaka 2020 kampuni ya ushauri ya McKinsey na shirika la Global Fashion Agenda la Denmark walitoa hesabu ya nguo za dunia nzima kwa mwaka 2018. Walipata tani bilioni 2.1 za gesi joto, kama asilimia 4 ya gesi zote zinazotolewa na binadamu. Mimi jumla haikunishtua, ulinishtua mgawo. Malighafi yenyewe, yaani pamba shambani na poliesta inayotengenezwa kwa mafuta ya petroli, asilimia 38. Kusokota nyuzi 8. Kufuma kitambaa 6. Kupausha, kutia rangi na kumalizia kwa maji ya moto 15. Kukata na kushona, yaani hii kazi ya Jomvu na Mikindani na Changamwe, asilimia 4. Usafiri 3, maduka 3, kufua na kukausha nyumbani kwa mvaaji 20, kutupa 3.

Jumlisha nne za mwanzo upate 67. Maana yake, jora linaposhushwa kutoka kwenye kontena na kuingia stoo yenu limekuja na theluthi mbili ya kaboni ya suruali nzima. Na hapo hamjalipitisha mkasi.

Sababu ni moto uliotumika huko lilikotoka. China na India zaidi ya nusu ya umeme wao ni wa makaa ya mawe, na uniti moja ya umeme wa makaa hutoa karibu kilo nzima ya hewa ukaa. Mabirika ya kutia rangi nayo huchemshwa kwa makaa hayo hayo mara nyingi. Pamba ina la kwake: mbolea ya naitrojeni hutoa gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto kama kilo 270 hivi za hewa ukaa.

Kwa nini hatufumi hapa? Kwa kiasi kikubwa ni AGOA. Sheria ile ya Marekani ya mwaka 2000 iliziruhusu nchi kama yetu kutumia kitambaa cha kutoka popote na bado ziuze Marekani bila ushuru. Ajira zilikuja, sikatai, mama yangu mwenyewe alishona Mikindani miaka tisa. Lakini vilivyojengwa ni viwanda vya sindano. Vya kufuma na vya rangi vilibaki vilikokuwa.

Sasa fomu yako. Hugawa moshi mafungu matatu: unaochoma mwenyewe, wa umeme unaonunua, na wa vingine vyote, hasa vitu ulivyopokea vikiwa tayari. Wewe umesukumiwa mawili ya kwanza. La tatu ndilo jibwa lenyewe, na kamba yake kaishika mteja, kwa sababu mara nyingi ndiye anayetaja kinu (kiwanda cha kitambaa) cha kununua. Mwulize bosi wako kama ana ruhusa ya kubadilisha kinu.

FundiBoila_Jomvu | Jumatatu, saa 12:15 asubuhi

Nimesoma nikiwa kwenye matatu, nimepitiliza stendi.

Asilimia nne?! Miaka kumi na moja nakohoa kwa ajili ya asilimia nne?

Na kinu, hapana, hatuchagui. Karatasi ya oda huja na jina la kinu, rangi, mpaka uzi wa kushonea. Bosi akithubutu kupata kitambaa kingine oda yaondoka.

Mwalimu_Mstaafu_Tudor | Jumatatu, saa 2:30 asubuhi

Mdadisi mwanangu, habari za asubuhi. Umeandika asilimia 4. Mimi kila ninaposoma naona nguo zatoa asilimia 10 ya hewa ukaa duniani, zaidi ya ndege na meli zikiwekwa pamoja. Nani mkweli?

Mdadisi_Ganjoni | Jumatatu, saa 7:05 mchana

Shikamoo Mwalimu. Hiyo 10 imetembea sana, mpaka taasisi za Umoja wa Mataifa zimeirudia, lakini ukiifuata nyuma hupati hesabu iliyoizaa. Wengi waliokaa wakapiga hesabu huangukia kati ya 2 na 4. Tofauti hutokana na kinachoingizwa: ukihesabu kufua na kupiga pasi nyumbani yapanda, ukiishia mlango wa kiwanda yashuka.

Asilimia 2 ya dunia bado ni mlima. Ila hii 10 imetudhuru kwa njia nyingine, watu wamezoea namba kubwa isiyo na mwenyewe.

Kipevu_Mwenyeji | Jumatatu, saa 7:40 mchana

Swali dogo kwa wasomi. Nasikia husemwa kushona Mombasa ni kusafi kwa sababu umeme wa Kenya ni msafi. Mimi nyumbani kwangu nikifungua dirisha naona minara ya Kipevu. Ile yachoma ubani?

Mdadisi_Ganjoni | Jumatatu, saa 8:15 mchana

😂 Yachoma mafuta mazito, na ya Rabai vilevile. Lakini gridi ni moja nchi nzima. Ukichukua umeme wa Kenya wote kwa mwaka, karibu tisa katika kumi ni wa joto la ardhini, maji, upepo na jua. Mitambo ya mafuta husukumwa zaidi saa za jioni kila mtu akiwasha taa. Zamu ya mchana kiwandani hula umeme ambao fungu lake kubwa kuliko yote latoka kwenye joto la ardhini la Olkaria. Kwa hiyo boila la Fundi ni chafu kuliko cherehani zote elfu moja zikiwekwa pamoja.

Na tukumbuke tulivyonusurika. Kituo cha makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Lamu, leseni yake ya mazingira ilifutwa na Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) mwaka 2019. Kingejengwa, leo hii fungu la pili la fomu, lile la umeme, lingekuwa na hadithi nyingine.

KijanaWaMagongo | Jumatatu, saa 8:20 mchana

Wakenya twaita umeme "stima", na umeme wetu watokana na mvuke wa Olkaria. Wazee walitabiri.

MamaKamera_Kongowea | Jumatatu, saa 3:50 usiku

Nimesoma yote mpaka hapa na mimi nasema: mimi sina boila, sina birika la rangi, sina makaa. Nguo zangu zimeshatengenezwa, zimeshavaliwa, zimeshafuliwa. Kwa hizo hesabu zenu mimi si ndiye msafi kuliko wote?

Beli ni kilo 45. Nafungua alfajiri na wanangu wawili, twagawa palepale: kamera, zile bora, huku, za katikati huku, fagia, zile za mwisho, kule. Miaka kumi iliyopita beli la mashati ya kiume lilikuwa na kamera nusu. Siku hizi navuta shati lina lebo bado, jipya kabisa, lakini mshono wa bega umefunguka wenyewe na kitambaa chateleza kama mfuko wa nailoni. Mteja wa Kongowea si mjinga. Huliinua, huliangalia kwenye jua, hulirudisha.

Kinachobaki kwenye fagia nauza kwa mafundi gereji watoe matambara. Sweta za poliesta hata wao hawazitaki.

Mdadisi_Ganjoni | Jumatatu, saa 4:20 usiku

Mama, kwenye hili nakupa alama zote isipokuwa moja. Shati la mtumba huokoa kaboni pale linapochukua nafasi ya jipya ambalo mtu angelinunua. Akinunua manne kwa sababu ni rahisi, huokoi manne. Kenya iliingiza tani 185,000 za mitumba mwaka 2019, na sidhani kama zote zilichukua nafasi ya kitu.

MamaKamera_Kongowea | Jumatatu, saa 4:31 usiku

Alama hiyo moja kaa nayo. Mwaka 2020 serikali ilipotufungia mitumba kuanzia Machi mpaka Agosti kwa sababu ya korona, wateja wangu hawakukimbilia nguo za viwanda vya Kenya. Walikaa na za zamani.

Na hizo sweta zisizotakiwa hazikushonwa Kongowea. Mwenye kuzishona azijibu. Zafika huku, zaishia Mwakirunge jalalani, halafu mimi ndiye natajwa.

Mwalimu_Mstaafu_Tudor | Jumanne, saa 1:10 asubuhi

Hapo Mama amegonga msumari.

Mzee_wa_Leso | Jumanne, saa 5:00 asubuhi

Naam jamaa. Mimi nauza leso Mtaa wa Biashara tangu enzi za marehemu baba. Sijui hesabu za kaboni ila nguo naijua kwa mkono.

Leso ya pamba mwanamke ataivaa, atabebea mtoto, atajifunikia, ikichakaa yawa ya jikoni, mwisho yapigia deki. Miaka kumi hiyo. Siku hizi zaja leso za poliesta, bei karibu nusu, rangi zang'aa kuliko za pamba, na jina limeandikwa vizuri tu. Mgeni hawezi kujua. Mimi huvuta uzi mmoja pembeni nikauwasha kibiriti mbele ya mteja. Pamba yaungua kama karatasi, yaacha jivu ukipuliza laruka. Poliesta hujikunja, yadondoka tone jeusi, likipoa ni gumu kama shanga. Namwekea mkononi ile shanga. Wengine hununua hivyo hivyo, pesa ndiyo mwamuzi, na kwa joto hili la Mombasa watarudi wakilalamika yabana jasho.

Swali langu: hii ya poliesta iliyotengenezwa kwa chupa zilizotumika, wasemayo ni nzuri kwa mazingira, ni kweli?

Mdadisi_Ganjoni | Jumanne, saa 7:30 mchana

Mzee wangu, shikamoo. Ya chupa hutumia nishati kidogo kuliko ya mafuta mabichi, hilo kweli. Lakini karibu yote yatokana na chupa, si nguo kuukuu. Chupa ingeweza kurudi kuwa chupa tena na tena, ikishakuwa leso haina njia ya kurudi. Na shanga ni ile ile.

ShehenaBandarini | Jumanne, saa 2:45 usiku

Nimengoja mtu aguse usafiri, naona mmeuvuka kwa asilimia 3 mkaendelea. Mimi hutoa na kuingiza mizigo, nimeanzia enzi za malori mpaka hii ya reli. Hiyo 3 ni wastani wa dunia nzima. Fundi, mwulize bosi wako mwaka huu ni oda ngapi zimeenda kwa ndege.

Chukua suruali 20,000, nusu kilo kila moja, ni tani 10. Kutoka Nairobi hadi New York kwa ndege ni kama kilomita 11,800. Ukiweka nusu kilo ya hewa ukaa kwa kila tani kwa kila kilomita, na hapo nimeihurumia ndege, wapata tani 59. Mzigo huo huo kwa meli kutoka Kilindini, hata njia ikizunguka kilomita 16,000, kwa gramu 15 ni tani 2 na nusu hivi.

Na kwa nini mzigo wa suruali upande ndege? Sijaona hata mara moja mtu akikimbizwa na mvaaji. Mteja huchelewa kukubali rangi ya sampuli wiki tatu, lakini tarehe ya kufika dukani haisogei. Au kitambaa chachelewa kutoka kinu kile kile alichokichagua yeye. Mwisho wa 2023 meli zilipoanza kuikimbia Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ndiyo ikawa balaa. Kuna kiwanda kilipeleka kontena nzima Nairobi usiku, zikapakuliwa katoni moja moja. Gharama ya ndege walikatwa wao.

FundiBoila_Jomvu | Jumanne, saa 3:15 usiku

Ya Rabi. Oda tatu mwaka huu. Ninazozijua mimi.

Binti_wa_Gazi | Jumatano, saa 2:00 asubuhi

Kaka, mbona usimwambie bosi anunue hati za kaboni, yaani alipie wengine wapunguze hewa ukaa kwa niaba yake? Kwetu Gazi tuna Mikoko Pamoja tangu 2013. Twalinda hekta 117 za mikoko na kupanda mipya, na kila mwaka huuzwa kama tani 3,000. Pesa zimetuletea maji na vitabu vya shule.

Mzee_Presha | Jumatano, saa 10:20 jioni

Binti, Gazi naipenda na kazi yenu ni ya heshima. Ila sikiza. Boila moja la huyu kijana ni tani 360, sehemu ya nane ya mikoko yenu yote. Viwanda vinane tu vya namna yake vikinunua, Gazi imekwisha na moshi hakuna uliopungua. Hati hizo mwacheni azinunue yule asiye na la kupunguza tena.

Sasa wewe Fundi. Nimekaa na mabomba ya mvuke miaka thelathini, nimestaafu, masikio yangu ndiyo hayajastaafu. Usiende kutafuta hasara mchana. Nenda zamu ikiisha, cherehani zimezimwa, redio ya mlinzi imezimwa, boila bado lina presha. Tembea polepole kwenye laini ya pasi. Utasikia. Kwanza mlio mwembamba kama wa nyoka, hizo ni gasketi. Halafu zile trapu za kutolea maji. Chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye trapu, mpini sikioni. Trapu nzima hulia kwa vipindi: yafunga, yafungua, yafunga. Iliyokufa hunguruma bila kupumzika, mvuke wapita moja kwa moja, mafuta yako yamwagika na hakuna anayeona tone. Nikienda kiwanda kigeni trapu kumi, tatu nazikuta zimekufa.

Pili, yale maji ya moto yanayotoka kwenye trapu yaenda wapi? Kama yaenda mtaroni, nakuchapa. Yarudishe kwenye tangi la boila. Kila maji yanayoingia yakipanda joto nyuzi sita, mafuta hupungua asilimia moja hivi. Maji ya bomba Mombasa ni nyuzi 28. Yafikishe 70, umepata asilimia saba bila kununua boila jipya.

Tatu, mabomba yaliyo uchi yavike sufi ya kuzuia joto, mpaka vali. Watu huvika bomba wakaacha vali, sijui kwa nini, kama mtu aliyevaa kanzu bila suruali.

FundiBoila_Jomvu | Jumatano, saa 11:02 jioni

Yaenda mtaroni. Nichape.

Mkaa_wa_Vifuu | Jumatano, saa 1:30 usiku

Badala ya mafuta mazito, maganda ya korosho! Kilifi yako tele. Au vifuu vya nazi. Au kuni za mvinje. Mti ulinyonya hewa ukaa ukiwa hai, ukiuchoma waitoa ile ile, hesabu ni sifuri.

Mzee_Presha | Jumatano, saa 2:10 usiku

Sifuri kama aliyekata amepanda, na ukingoja mti ukue. Maganda na vifuu nakubali, hivyo vingetupwa. Ila maganda ya korosho yana mafuta yanayowasha ngozi na moshi wake ni mkali, lazima tanuri liwe la kazi hiyo. Kuni ndizo huniogopesha. Mwenye lori hakuambii amezitoa wapi, na mikoko huungua vizuri sana.

Bi_Mkasi | Alhamisi, saa 4:40 usiku

Wanaume mmezungumza mabomba siku nne. Haya, na meza ya kukatia?

Mimi ni supavaiza wa ukataji, kiwanda kingine, Mikindani. Mdadisi amesema theluthi mbili ya kaboni imo kwenye jora. Basi kila kipande kinachoanguka chini ya meza yangu ni kaboni iliyosafirishwa kutoka China ikaletwa kufagiwa Mombasa. Kwetu huanguka kama asilimia 15 ya kitambaa. Nimetoa penseli: nikishuka kutoka 15 hadi 13, kitambaa cha kuagiza kwa kazi ile ile hupungua asilimia 2.3. Zidisha kwa ile 67, ni 1 na nusu kati ya mia. Ushonaji wote ni 4. Kwa hiyo mimi na mchoro wangu tumekata zaidi ya theluthi ya ushonaji mzima, bila mtu kupanda juu ya paa kufunga sola.

Kinachonikwamisha si akili. Mchoro wa kukatia hupangwa upana wa inchi 58. Jora laja, napima mwanzo 58, katikati 57 na nusu, mwisho 57. Lazima nipange kwa 57 kila mahali, kinachozidi chote chini. Nimepiga picha na futi juu yake, nimepeleka ofisini. Nimeambiwa kinu hicho ni chaguo la mteja.

Kinachowezekana ni kupima kila jora kabla, kuyapanga kwa upana, na kila kundi lipate mchoro wake. Ni kazi ya watu wawili zaidi. Bosi wangu alikataa mpaka nilipomwonyesha bei ya kitambaa. Kaboni haikumgusa.

Mdadisi_Ganjoni | Alhamisi, saa 5:15 usiku

Bi Mkasi, hii sijawahi kuiona kwenye fomu hata moja kati ya zote nilizokagua. Huhesabiwa "taka", kilo ngapi zimetupwa. Hakuna safu ya kitambaa ambacho hakikuagizwa.

Mwalimu_Mstaafu_Tudor | Ijumaa, saa 1:00 asubuhi

Na kufuma hapa hapa kumeshindikana kabisa? Pamba ya Lamu na Kwale ipo. Rivatex, kile kiwanda cha vitambaa cha Eldoret, kilifufuliwa. Kama umeme wetu ni wa Olkaria, kitambaa kilichofumwa Kenya si kingekuwa na nusu ya kaboni?

Mdadisi_Ganjoni | Ijumaa, saa 7:20 mchana

Kusokota na kufuma, ndiyo Mwalimu, hizo ni kazi za mota, umeme wetu ungeonekana mara moja. Kutia rangi ni moto, na moto ukiwa wa mafuta mazito tumerudi kwa Fundi. Kizuizi kikubwa ni wingi: mteja ataka mita laki moja za rangi ile ile ndani ya wiki sita, na wakulima wetu wanalima ekari moja moja. Kama ningekuwa serikali ningeanza na vitu visivyohitaji mteja wa ng'ambo. Sare za shule, mashuka ya hospitali, leso za Mzee.

Mzee_wa_Leso | Ijumaa, saa 8:05 mchana

Leteni. Nitaziuza na kibiriti mkononi.

FundiBoila_Jomvu | Wiki tatu baadaye, Jumamosi, saa 3:30 usiku

Narudi na ripoti, msiseme nilikula nikaondoka.

Nilikwenda usiku kama alivyosema Mzee Presha. Trapu ishirini na mbili, zilizokufa saba. Moja ilikuwa yanguruma mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimewasha gari. Nilibadilisha zote saba, gasketi kumi na moja, na nikatengeneza tangi la kurudisha maji kwa pipa la chuma na pampu iliyokuwa stoo. Sufi imefika nusu ya mabomba, na vali nimezivika, Mzee.

Kijiti cha kupimia tangi la mafuta: kutoka 400 hadi 355 kwa siku, wiki mbili mfululizo. Lita 45. Kwa mwaka ni tani 40 na kidogo. Bosi alipoona bei yake alinunua chai.

Kisha nikachukua kalamu nikaongeza ukurasa wa kumi na tano, wangu mwenyewe. Nimeandika: oda tatu zimekwenda kwa ndege, moja ya ukubwa ule wa ShehenaBandarini yafuta kazi yangu ya boila ya mwaka mmoja na nusu. Nimeandika tarehe sampuli zilipoondoka na tarehe zilipokubaliwa. Nimeambatisha upana wa majora, Bi Mkasi asante, wetu nao wamepima. Bosi aliusoma mara mbili. Nilidhani ataung'oa. Akabadilisha neno moja la ukali, akatuma.

Jibu limekuja jana. Wamepokea, wanashukuru, na wanaomba nijaze upya ukurasa wa tatu kwa kilo badala ya lita.

KijanaWaMagongo | Jumamosi, saa 3:33 usiku

😂😂😂 Na kiyoyozi cha bosi?

FundiBoila_Jomvu | Jumamosi, saa 3:36 usiku

Kipo nyuzi 18. Hicho sijakigusa.

MamaKamera_Kongowea | Jumamosi, saa 3:50 usiku

Fundi, vile vipande vya chini ya meza, vya suruali nzito, mwauza kilo vipi? Nina kijana anashona mikoba.

FundiBoila_Jomvu | Jumamosi, saa 4:02 usiku

Huchukuliwa na mtu wa kujaza mito, bei ya kutupa. Mama, njoo Jumatano lango la nyuma kabla ya saa nne, nitakukutanisha na wa stoo. Uje na magunia yako, yetu yana hesabu.